Futi Mia Mbili za Baba

Futikamba ina pande mbili. Ukingo mmoja inchi, ukingo wa pili sentimita, na katikati hakuna kitu, ni bati jembamba la manjano tu. Nimeishika kila siku ya kazi tangu nilipomaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda, katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbinga mjini, na mpaka leo nikiivuta na kuiachia irudi yenyewe, trrrp, najisikia kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea.

Dukani kwetu hakuna kinachopimwa kwa namna moja. Msumari unaitwa kwa inchi, unauzwa kwa kilo. Nondo unene wake ni milimita, urefu wake futi arobaini. Bomba ni la nusu inchi, tangi ni la lita elfu moja. Fundi anakuja anasema chumba chake ni mita tatu kwa futi kumi na mbili, na haoni ajabu yoyote, na mimi pia siioni. Tumezoea. Mtu wa huku anaruka kutoka kipimo hiki kwenda kile kama anavyoruka kutoka Kimatengo kwenda Kiswahili, katikati ya sentensi, bila kuaga. Shamba lake la kahawa ni ekari, dawa ya kulipulizia imeandikwa hekta. Kitambaa cha sare ya kwaya kinakatwa kwa mita, halafu fundi cherehani anamzungushia mama wa watu futi ya inchi kiunoni na kumwambia, "Umenenepa."

Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa katikati. Mteja aseme futi, nimpe mita. Aseme mita, nimwonyeshe kwa futi. Tajiri wangu alikuwa akiniita mkalimani. Niliipenda sana kazi hiyo. Niliamini, na sijui niliipata wapi imani hiyo, kwamba vitu vyote duniani vinaweza kugeuzwa kutoka upande mmoja wa futikamba kwenda upande mwingine na kubaki vilevile.

Siku moja, msimu wa malipo ya kahawa, aliingia babu mmoja kutoka vijiji vya juu, amevaa koti la kanisani na viatu vyenye udongo mwekundu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka mabati ya futi kumi."

"Tunayo ya mita tatu, babu. Ndiyo hayohayo."

"Hayohayo kweli?"

"Karibu sawa. Yanapungua kidogo tu."

"Kidogo kama nini?"

Nikamwonyesha kwa vidole viwili hewani. Inchi mbili hazifiki.

Babu akaviangalia vidole vyangu, akaliangalia bati, akarudi kwenye vidole. "Sasa hiyo kidogo inakwenda wapi?"

Duka zima likacheka. Tajiri akajibu kutoka kwenye kaunta, "Inabaki kiwandani, mzee, wanaichoma na kunywea chai!" Nami nikacheka, maana mimi ni mtu wa kucheka, mama anasema nilianza kucheka kabla sijajua kulia. Babu peke yake hakucheka. Alisema, "Mvua ikipita hapo haitajua kwamba mlicheka," akalipa, akaondoka na mabati yake.

Nilikuja kumkumbuka yule babu baadaye. Namkumbuka hata sasa ninapoandika.

Nyumbani kwetu si Mbinga. Kwetu ni chini, ziwani, upande wa Kihagara. Ukishafika Mbamba Bay unashika njia ya kandokando ya ziwa kuelekea kaskazini, na usipa, dagaa wa kwetu, unaanza kunuka kabla hujaona nyumba. Mama anaanika usipa. Baba alikuwa fundi wa maboti. Alifariki nikiwa darasa la sita, na amelala juu kwenye makaburi ya kanisa, mbali na maji, kama alivyotaka. Alisema maji ameyaona ya kutosha.

Alituachia nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali ya kuchoma, imetazama ziwa. Mimi niliijenga upya nyumba hiyo kichwani kila siku nikiwa dukani. Mteja akiulizia vigae, mimi namwekea mama vigae sebuleni, sentimita arobaini kwa arobaini, rangi ya krimu. Akiulizia mlango, namwekea mama mlango wa futi saba wenye kioo juu. Nilipanua baraza. Baraza lenyewe lilikuwa kubwa, maana katika ndoto mbao hazilipiwi: mama amekaa kwenye kiti cha kuegemea, miguu kwenye mkeka, usipa unaanikwa na watu wengine. Nilikuwa nikitabasamu peke yangu mpaka wateja wananiuliza, "Dada, umepata mchumba?"

Nyumba hiyo ilikuwa na sifa yake moja ambayo baba hakuchoka kuisema. Mgeni akifika, kabla hajakaa sawasawa, baba atamwambia, "Nyumba hii iko futi mia mbili kutoka majini. Mia mbili. Pimeni mtakavyo."

Kwetu ufukweni kiwanja hakipimwi na fundi. Kinapimwa na yule atakayelala ndani, kwa mikono yake mwenyewe. Mwanamume anachukua kamba ya nyavu, anainyoosha kifuani kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, anafunga fundo. Hiyo ni pima moja. Anaendelea hivyo mpaka kamba itoshe. Halafu mke anaingia majini, maji yamfike kwenye vifundo vya miguu tu, anashika mwanzo wa kamba, maana yeye ndiye atakayekuwa akichota maji hayo kila asubuhi. Mume anaivuta kwenda juu, na kamba inapokwisha ndipo ukuta wa mbele unaposimama. Baba alikuwa amejifunza useremala kwenye karakana ya misheni, na huko walimfundisha kwamba pima moja ni futi sita. Basi akafunga mafundo thelathini na matatu, akaongeza kipande cha futi mbili, akapata mia mbili yake. Mama alisimama majini akiwa na mimba yangu. Kwa hiyo na mimi nilikuwepo.

Miaka hii ziwa limepanda. Hakuna wa kuambiwa, kila mtu wa pwani yetu anajua. Jiwe tulilokuwa tukifulia nguo siku hizi linaonekana wimbi likirudi tu, halafu linazama tena. Mama alihamisha chanja lake la usipa mara ya kwanza, akalihamisha tena, na kila nikimpigia simu alisema, "Maji yapo, mwanangu, yanatembea," kwa sauti ya mtu anayemsema jirani.

Kisha akanipigia yeye.

"Wamekuja watu wa kupima," alisema. "Wanasema asiwepo mtu ndani ya mita sitini kutoka ziwani. Nyumba iliyo ndani inapigwa X. Hebu niambie, mita sitini ni nini kwa futi za baba yako?"

Nilikuwa na kikokotoo mkononi, nilikuwa nimetoka kumpigia mtu hesabu za sementi. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena kwa sababu sikuamini.

"Mama! Futi mia mbili ni mita sitini na nukta tisa sita! Tumepita!"

"Tumepita nini?"

"Tuko nje, mama! Tumepita kwa karibu mita nzima!"

"Basi njoo uwaambie wewe. Mimi wakisema mita sitawajibu chochote."

Nilirukaruka katikati ya mifuko ya sementi. Kweli kabisa, niliruka, vumbi likanijaa mpaka kwenye nyusi. Fikiria: baba yangu, fundi wa maboti, hajui sheria yoyote ya mita, anafunga mafundo yake kifuani, na anaangukia nje ya mpaka kwa mita moja tu. Nilisema Mungu ana futikamba. Tajiri akanipa ruhusa, akanitania, "Nenda mkalimani, kaiokoe ikulu." Kesho yake asubuhi nilishuka ziwani nikiimba moyoni njia nzima.

Afisa aliyekuja kupima alikuwa dada mmoja kutoka Singida, bado kijana, hijabu ya bluu na buti za mpira. Alikuwa na tepu ndefu ya mita hamsini, na kila wimbi lilipokuja alirudi nyuma hata kama halikumfikia. Alimwamkia mama kwa heshima zote, akaniuliza habari za Mbinga, akasema baridi ya huko inamkumbusha kwao usiku.

"Ila kwetu Singida," alisema, "maji tunayafuata sisi, na punda. Hapa naona maji ndiyo yanawafuata ninyi."

"Na hayabishi hata hodi," akajibu mwenyekiti wa kitongoji. Huyu ni jirani yetu, mtu wa maneno mengi, rafiki wa baba wa siku zote. Watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Mama alicheka pia. Nakumbuka hilo, kwamba asubuhi ile tulicheka.

Dada afisa alianza kupima kutoka ukingo wa maji ya siku hiyo mpaka ukuta wetu wa mbele. Mita arobaini na mbili.

Mwenyekiti akaruka. "Dada afisa, hapo umepima ziwa, hujampima mama! Huyu mama hajasogea. Ziwa ndilo limesogea. Sasa nani apigwe X?"

"Mzee, mimi nimetumwa kupima."

"Pima basi pale maji yalipokuwa wakati nyumba inajengwa. Kuna mtu anajenga nyumba akijua ziwa litakuja kumtembelea?"

Dada akafikiri. Alikuwa na uso wa mtu asiyependa kazi aliyopewa siku hiyo. Mwishowe alisema, "Sawa. Kama mama alijenga nje ya mita sitini za wakati ule, mimi sipigi X. Nitaandika kwamba alikuwa nje na maji ndiyo yaliyomfuata, na nyumba iachwe. Lakini nionyesheni hiyo sitini kwa tepu. Kwa maneno siwezi."

Hapo ndipo nikajitokeza mkalimani. Nikamweleza futi mia mbili za baba, nikamwambia zinatoka ngapi. Akatoa simu yake, akapiga hesabu mwenyewe, akanionyesha kioo akitabasamu. Sitini na nukta tisa sita.

"Baba yako alipima vizuri," alisema.

Nilitaka kumkumbatia.

Ikabaki kujua maji yalikuwa wapi. Aliyejua ni mmoja tu. Mama alikunja kanga yake, akaibana kiunoni, akaingia ziwani. Hakwenda kwa kubahatisha. Alikuwa akitazama nyuma begani, kule kijijini, kama wavuvi wanavyotafuta mahali nyavu zao zilipo: msalaba wa kanisa ulipaswa kutokea juu ya pembe ya paa letu, na jiwe kubwa la ndege liwe limekaa sawa na bega lake la kushoto. Akaenda, akarudi nusu hatua, akasimama. Mahali ambapo zamani maji yalimfika kwenye vifundo, sasa yalimfika mapajani.

"Hapa," alisema.

Mwenyekiti akamfuata majini na viatu vyake, akampa kichwa cha tepu. Mimi nikaivuta kwenda juu pamoja na dada afisa. Ilinyooka juu ya maji, juu ya mchanga, ikapita chanja la usipa. Ilipokwisha tukachomeka kijiti. Hamsini. Tukaanza upya kutoka kwenye kijiti, na ilihitaji kupata kumi tu nyingine kabla ya ukuta. Nilikuwa nimelishikilia tabasamu, nasubiri kuliachia.

Dada afisa alibandika tepu kwenye tofali la baba, akainama.

"Sita," alisema.

"Sita na ngapi?"

"Sita tu. Hamsini na sita."

Nikageuza tepu upande wa pili. Ni kitu cha kipumbavu, lakini ndicho nilichofanya, kama vile upande wa futi ungekuwa na huruma zaidi. Nikajumlisha. Mia moja themanini na nne, hata robo haikuzidi.

Kisha mwenyekiti, aliyekuwa bado majini, akasema polepole, na sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyowahi kuisikia, "Mama, hebu kumbuka vizuri. Ni miaka mingi. Huenda mlisimama mbele kidogo."

Wanawake waliokuwa ufukweni wakaanza kunong'ona. "Songa, mama. Songa kidogo." Mmoja akalisema hilo kwa Kinyasa chetu, ili mgeni asielewe, na mgeni akaelewa hata hivyo. Dada afisa aligeuka. Alielekeza uso milimani, akatia mikono kwenye mifuko ya koti, akaanza kuangalia mawingu ya upande wa Mbinga kana kwamba aliagizwa kuyahesabu. Alisimama hivyo muda mrefu. Alikuwa akitupa mgongo wake makusudi, nami niliuona mgongo ule kama zawadi kubwa kupita zote.

Zilihitajika mita nne. Kwa mama, akiwa majini, hatua chache tu kuelekea kina, upande wa Malawi, na nyumba ingekuwa yake mpaka afe.

Songa, mama. Nilisema moyoni. Sijawahi kuomba kitu namna ile, hata baba alipokuwa anaumwa.

Mama hakusonga. Alisema, "Nilisimama hapa." Halafu alipoona watu wanaendelea kumtazama, akapandisha sauti. "Mnataka kusema mume wangu aliwadanganya wageni wote wale? Leteni kamba yake. Iko ndani, juu ya mlango wa jikoni. Alisema mia mbili, ni mia mbili."

Kamba ilikuwepo. Mama alikuwa akiitumia kuanikia nguo, lakini mafundo hakuyafungua hata moja. Mimi ndiye niliyeileta, mbio, kwa matumaini mapya. Tepu inaweza kuwa na kasoro, nilijiambia. Dukani tumewahi kurudisha tepu mbovu. Kamba ya baba haikutengenezwa kiwandani.

Mama akashika mwanzo wake. Tukaivuta, fundo baada ya fundo, na watu sasa walikuwa wakihesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Ikapita kijiti. Ikafika barazani. Na ncha ya mwisho, ile iliyounguzwa kwa moto isifumuke, ikaugusa ukuta. Haikupungua. Haikuzidi. Ungesema ukuta na kamba vilizaliwa siku moja.

"Imefika!" mwenyekiti akapiga kelele, akapiga maji kwa viganja. "Mia mbili hiyo! Mume wa watu alijua kazi yake! Tupa hiyo tepu yako, dada!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa ninalia na kucheka.

Dada afisa hakubisha. Alichutama mchangani, akachukua kamba mahali fundo moja linapoishia na jingine linapoanzia, akaiwekea tepu juu, upande wa futi, akanitazama ili nisome mimi. Sijui kwa nini alinipa mimi nisome. Nafikiri alidhani ni adabu.

Pima moja ni futi sita. Pale palisomeka futi tano na nusu.

Nikapima fundo jingine. Tano na nusu. Nikapima la tatu na nne, nikawa natambaa mchangani. Yote yalilingana. Baba alikuwa fundi, mkono wake haukuyumba. Tano na nusu, tano na nusu, mpaka majini alipokuwa mama.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

Akaitazama kamba, akaelewa mwenyewe. Alikuwa ameishi na mtu huyo, alikuwa amemshonea mashati.

"Baba yako alikuwa mfupi," alisema.

Mwenyekiti alicheka, nadhani bila kutaka, kicheko kifupi kama chafya, akaziba mdomo kwa kiganja chenye maji. Mama naye akatabasamu. Alibaki amesimama pale ziwani, kamba mkononi, akitabasamu, na sasa hata angetaka kusonga asingeweza, maana kamba ilikuwa imemshuhudia mbele ya watu wote kwamba amesimama mahali pake.

Nilifikiri juu ya kifua cha baba. Nilikuwa nikikilalia. Kwangu hakikuwa kifua cha mtu mfupi. Karakana ya misheni walimwambia pima ni futi sita, hawakumwambia ni sita za mikono ya nani, na yeye hakuwa mtu wa kujitilia shaka. Kila alipofungua mikono, kidogo kilipotea. Kila fundo, kidogo. Na hakuna aliyekiona kikipotea, kwa sababu alikuwa amenyoosha mikono yake mpaka mwisho.

Dada afisa alimwuliza mama X aiweke wapi. Si lazima waulize, lakini yeye aliuliza. Mama akasema, "Nyuma, mwanangu. Wageni wasiione kabla ya kukaribishwa." Basi akazunguka nyuma na kopo lake la rangi nyekundu, akachora X ndogo, ndogo kama ya mwalimu kwenye daftari, karibu na mlango wa jikoni. Alipomaliza, mama akampa usipa wa kwenda kula. Alikataa, kisha akaupokea, kisha akalia, na mama ndiye aliyembembeleza.

Natamani ningeweza kusema kwamba afisa alikosea, au sheria, au tepu. Ningekuwa na mtu wa kumchukia, na chuki ingenipa joto. Lakini masika yaliyofuata maji yaliingia barazani, yakaingia sebuleni nilikowahi kuweka vigae vyote vile, yakafunika mafiga ya mama jikoni. Na zile mita nne, hata tungezipata, maji yasingezijali. Wakati huo tulikuwa tayari tumeshang'oa mabati na milango, na mama alikuwa akilala kwa mwenyekiti. Nilikwenda kuona. Ukuta wa nyuma ndio ulikuwa bado umesimama, na X yake. Wimbi lilikuwa likiingia palipokuwa mlango wa mbele na kutokea jikoni taratibu kabisa, kama mwenye nyumba.

Nikiwa dukani siku hizi, fundi akiniambia mita tatu kwa futi kumi na mbili, namsikia, namhudumia, lakini siimbi tena. Kichwani sina nyumba. Nimejaribu kuiweka tena, hata baraza tu, hata kiti tu. Haikai. Tajiri ameacha kuniita mkalimani, bila kusema sababu. Mteja akiniuliza kama hili ni sawa na lile, namjibu, "Si sawa, mzee. Yanakaribiana tu."

Mama amepewa kiwanja juu, kwenye mteremko, mwendo mrefu kutoka ziwani. Mita ishirini kwa ishirini, vigingi vinne kwenye udongo mwekundu uliokauka. Mwezi uliopita nilikwenda naye kukiona. Nilikuwa nimebeba futikamba ya dukani ili tupange nyumba isimame wapi, na nilikuwa nimejitahidi kuchangamka; nilimwambia tutaweka mlango hapa, dirisha la futi nne pale, na upepo utakuwa mzuri.

Mama alifungua kapu lake, akatoa kamba ya baba, akaikunjua mpaka akapata mwanzo wake. Akavua ndala, kama alivyozivua siku ile na siku ile nyingine kabla sijazaliwa. Akatembea na kamba mkononi kutoka kigingi hadi kigingi, akiangalia chini, akitafuta kitu kwenye nyasi kavu.

Kisha akasimama katikati, miguu mitupu, akanigeukia.

"Mwanangu," alisema, "sasa hapa mimi nisimame wapi?"

Nilikuwa na futikamba mkononi, na nilikuwa nimeivuta kidogo. Nikaiachia ikarudi.